Moyo ukishatanuka hurudi, au ndiyo basi tena?

Wiki hii, msomaji, nakupeleka nyumbani Ushirombo, mkoani Geita. (Sisi watu wazima bado tunasema Shinyanga, mazoea tu. Geita ilikuwa mkoa mwaka 2012.)

Nilikwenda Februari kumjulia hali baba mdogo. Nikamkuta kaketi mlangoni, anahema kama katoka kulima. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Usiku analala akiegemea mito mitatu. Hospitali walishampima wakasema moyo umetanuka kwa sababu ya presha.

Jirani akanivuta pembeni. "Mwanangu, moyo ukitanuka ndiyo basi. Mpelekeni kwa mtaalamu." Mtaalamu mwenyewe si daktari! Ni wa mizizi, eti siku saba tu moyo unakuwa mpya, bei ndama mmoja.

Basi nikaamua kudadisi. Kumbe sisi tunasema "moyo" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, wakati ni mingi. Kuna ule wa mtoto aliyeugua koo likapuuzwa, ukaishia kuharibu valvu. Hiyo hairudi kwa mchicha wala mazoezi. Ikiharibika sana ni kisu, na siku hizi si lazima India, maana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam tangu 2015.

Kuna wa mishipa kuziba kwa mafuta. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Dean Ornish, alitangaza kwamba wagonjwa waliokula mboga na nafaka, wakaacha sigara, wakafanya mazoezi na kutuliza mawazo, uzibe wao ulipungua kwa mwaka mmoja kutoka wastani wa asilimia 40 hadi 37.8. Kidogo, lakini ulirudi nyuma. Wenzao wa matibabu ya kawaida ulizidi.

Na huu wa baba mdogo? Presha ikishushwa na ikakaa chini, moyo unaweza kupungua, kwa wengine hata ukakaribia hali yake ya zamani. Si kwa wote. Hapo ndipo penye mtego. Watafiti wa Uingereza walichukua watu ambao mioyo yao ilitanuka kisha ikapata nafuu kabisa, wakawapunguzia dawa taratibu hadi wakaziacha. Matokeo yalichapishwa 2019: kati ya 25, ndani ya miezi sita 11 ugonjwa uliwarudia. Walioendelea na vidonge, hakuna hata mmoja.

Baba mdogo naye alikuwa kameza miezi miwili, kichwa kikaacha kuuma, akatupa vidonge. "Nimepona, nile dawa kama karanga?" Halafu chumvi! Anamwagia mboga kabla hajaonja. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Yeye anaimaliza kwenye dagaa wa mchana tu.

Tulizozana siku mbili. Ndama akabaki zizini, vidonge vikarudi.

Juzi nimekwenda tena. Miguu imenywea, mito imebaki mmoja, anatembea hadi sokoni mwenyewe. Kipimo cha moyo hajarudia, kwa hiyo siwezi kukwambia umepungua kiasi gani. Mama mdogo anaficha chumvi chini ya kitanda. Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa hizi dawa naacha lini?"

"Siku utakayoacha ugali, baba."

Akanuna hadi jioni.