Ubongo, Kompyuta na Wewe wa Isansa

Kijana akianguka na bodaboda na kukatika uti wa mgongo, mikono inaweza kulala. Lakini ubongo bado unaiamuru isogee! Amri hiyo ni umeme mdogo, ila njia ya kuipitisha imekatika.

Noland Arbaugh wa Marekani alipooza mwaka 2016. Januari 2024 aliwekewa nyuzi nyembamba kuliko unywele ndani ya ubongo. Zinanasa umeme ule na kuupeleka kwenye kompyuta, naye akaanza kusogeza mshale wa kompyuta kwa kuwaza tu. Bado ni majaribio. Baadhi ya nyuzi zilichomoka.

“Sasa mimi wa Isansa yananihusu nini?” Sikiliza. Siyo lazima uwe daktari wa upasuaji. Kazi hii inataka pia waandishi wa programu, wataalamu wa mazoezi ya viungo na mafundi wa vifaa tiba. Ufundi huo unafundishwa DIT Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. MUHAS wana shahada ya uhandisi wake.

Mlango ni fizikia na hesabu. Dada, ukiambiwa eti fizikia ni ya wavulana, puuza! Na siku ukifika hospitali ya Vwawa, ulizia: mashine ikiharibika, nani anaitengeneza, na alisomea wapi?