Damu Chooni, Majibu Bado

Kungoja majibu ya maabara kunachosha kuliko tumbo lenyewe. Uko Ndhiwa, sampuli imeshachukuliwa, unapekua simu usiku kucha, na Google, kama kawaida yake, inakuzika kabla kuche.

Hofu hiyo ina sababu. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alifariki Julai 2019 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 41 tu. Kwa hivyo yule anayekuambia eti wewe ni kijana, tulia, msamehe.

Lakini huku kwetu karibu na Ziwa Victoria, damu kwenye choo huletwa na mengi: kichocho, ambacho hutibiwa kwa prazikwanteli, amiba, hata bawasiri. Daktari hawezi kubahatisha, ndiyo maana anataka kile kikopo cha aibu.

Ukingoja, andika: damu ni nyekundu au choo ni cheusi kama lami? Mara ngapi? Suruali imelegea? Dawa za kubahatisha za dukani achana nazo kwanza. Damu ikizidi au ukiona kizunguzungu, usingoje majibu, upelekwe hospitali hapo hapo. Na mwambie mtu nyumbani. Mathe atauliza maswali mpaka uchoke, lakini usiku wa manane ndiye atakayeamka nawe.