Krotoni Barazani

Katika baraza za nyumba na za shule nyingi twauona mmea wa majani mazito, yenye madoa mekundu na manjano na zambarau, umepandwa katika chungu au kopo kuukuu. Huo ndio krotoni. Ni jamaa ya muhogo na mbarika, lakini asili yake si Afrika, bali visiwa vya Asia ya kusini-mashariki na vya Pasifiki. Katika kisiwa cha Ambon Bwana Rumphius, Mjerumani aliyewatumikia Waholanzi, aliuandika katika kitabu chake kikubwa cha mimea. Mtu huyo alipofuka macho mwaka 1670, na mwaka 1687 picha zake zikateketea kwa moto, wala hakuiacha kazi. Nacho kitabu kilipigwa chapa baada ya kufa kwake, tangu 1741.

Sisi tulikuwa na krotoni mmoja, ambao mama wa nyumba yetu alipewa na dada yake, naye dada yule amekwisha fariki. Siku za Krismasi tukautoa barazani tukauweka pembeni mwa chumba cha wageni, mahali pa giza, ili kupamba. Siku ya nne majani yakaanza kupukutika; baada ya majuma mawili ikabaki fimbo tupu. Mama akalia. Tulikuwa tukiuchukua kuutupa, mzee jirani akaja, akakwaruza gome kwa ukucha, na chini yake palikuwa pabichi. Akasema, “Mama, huu haujafa. Urudisheni mlipoutoa.” Tukaurudisha, tukapunguza maji, na juma la sita macho mapya yakatokea.

Basi twajua sasa kwamba krotoni huchukia kuhamishwa ghafula. Tena hutaka mwanga mwingi, maana gizani majani mapya hutoka ya chanikiwiti tu, wala madoa hayaonekani vema. Kopo na litobolewe chini. Kabla ya kunywesha, tia kidole udongoni. Kama juu pangali na unyevu, ngoja. Majani yapanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji, na upande wa chini pia, kwa kuwa huko hujificha utitiri, wafumao utando mwembamba kama wa buibui.

Ukitaka mche, kata ncha ya tawi kiasi cha shibiri, ondoa majani ya chini, osha utomvu, ukachomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Lakini jihadhari na utomvu ule mweupe: huwasha ngozi, na doa lake katika nguo halitoki. Watoto wasitafune majani, maana yana sumu; nawe nawa mikono.

Katika mti wetu tumekata miche mitatu. Mmoja umekwenda kwa binti wa marehemu.