Maji ya Rejeta: Tusifungue Trekta Ikiwa Moto

Huenda mkashangaa kuona trekta katika ukurasa wa afya. Sababu ni kwamba kila msimu wa kulima sisi wauguzi huhudumia watu walioungua uso, shingo na mikono kwa kufungua rejeta ya trekta ikiwa bado moto. Ajali hiyo yaweza kuzuiwa na mtu yeyote anayekubali kusubiri.

Kwa nini maji huruka?

Maji katika sufuria huchemka yakifikia nyuzi 100 za sentigredi, au pungufu kidogo kule milimani. Mfuniko wa rejeta hubana mvuke, kwa hiyo maji ya ndani huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, msukumo hupungua ghafla, na mvuke na maji ya moto hukurukia usoni.

Namna ya kuangalia na kuongeza

1. Angalia asubuhi kabla ya kazi, trekta ikiwa mahali tambarare. Ikichemka shambani, zima injini na usubiri ipoe kabisa, hata kama itachukua saa nzima au zaidi.

2. Hata ikiwa imepoa, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso pembeni, na ufungue polepole. Ukisikia mvuke unatoka, acha na usubiri tena.

3. Maji yafunike mirija ya ndani ya rejeta. Kama kuna chupa ya akiba, yawe kati ya alama mbili zilizochorwa.

4. Ongeza kulanti iliyotajwa katika kitabu cha trekta. Kulanti nyingi huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Nyingine huuzwa zikiwa zimeshachanganywa. Maji matupu huleta kutu. Usimimine maji baridi katika injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka.

5. Maji yakipungua kila siku, tafuta panapovuja. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe, mwite fundi. Ondoa pia nyasi na makapi yaliyoziba uso wa rejeta.

Pawatila nyingine zina tangi la maji lisilobana mvuke. Hizo hupunguza maji haraka na kuhitaji kuongezwa mara kwa mara, lakini maji yake huunguza vilevile.

Kulanti ni sumu

Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glikoli. Ina ladha tamu na mara nyingi hutiwa rangi ya kupendeza, hivyo mtoto hudhani ni soda. Aliyekunywa huonekana kama mlevi, na baadaye figo huharibika, anaweza kufa. Usiihifadhi kamwe katika chupa ya soda. Iache katika chombo chake, juu, mbali na watoto. Iliyomwagika ifutwe, kwani hata mbwa huilamba wakafa.

Mtu akiinywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, na mchukue chombo chenyewe.

Mtu akiungua

Mwondoeni mahali pa hatari. Vueni nguo zilizolowa, pete na saa, lakini msivute kilichogandamana na ngozi. Mimineni maji safi ya baridi, yasiwe barafu, kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala unga. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi. Macho yakipatwa, yaoshwe kwa maji mengi safi. Aliyeungua uso, macho, mikono au sehemu kubwa kuliko kiganja chake, na kila mtoto, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Basi, akina baba na vijana mnaoendesha trekta, shamba lisilolimwa leo litalimwa kesho. Jicho lililoungua huenda lisione tena. Nanyi akina mama, kagueni leo chupa zilizo chini ya vitanda na kwenye stoo, mjue zina nini.