"Ona, Nimetuma": Msimu wa Bonasi na Skrinishoti Zake

Ukitaka kujua kama bonasi ya KTDA imetangazwa, usimsumbue karani wa kituo cha majani chai. Fungua WhatsApp. Kila mwaka ikikaribia Oktoba, ile orodha ya viwanda na bei ya kilo huanza kuzunguka kwenye magrupu ya familia, ya chama na ya kanisa. Hapa Kebirigo watu hutafuta mstari wa kiwanda chao, kisha wanapandisha macho hadi Kirinyaga na Murang'a, kisha grupu linanyamaza kidogo. Wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wamezoea kutuacha nyuma kwa bei, na hilo halihitaji mchambuzi.

Lakini bonasi ni bonasi. Pesa zikiingia, stetasi zinabadilika. Huyu amepiga picha ya mabati mapya, yule ya nyama choma. Halafu kuna mtu wa siku hizi, anayeweka skrinishoti ya meseji yenyewe, salio likiwa wazi kama mlango wa kanisa Jumapili. Hakuna maelezo, ni emoji ya miwani tu. Na babu yake alikuwa akificha pesa za majani chini ya godoro, hata nyanya asijue!

Mwenzake wa upande wa pili ndiye mcheshi zaidi, kwa maoni yangu: yule anayeposti Fuliza. Tangu huduma hiyo ianze 2019, Wakenya wameitungia utani usioisha. Shemeji anatuma mia tano, Fuliza inaimeza yote, naye anapiga picha ya salio la sifuri na kuandika, "Tumepishana kwa barabara." Utani wa aina hii hata unafundisha: ukiwa na deni la Fuliza, pesa ikiingia deni hukatwa kwanza.

Shida inaanza skrinishoti inapotoka kwenye stetasi ikaja kusimama mbele ya muuzaji.

Chukua siku ya soko. Kijana amechagua mkungu wa ndizi, boda boda inanguruma pembeni.

"Mama, nimetuma. Ona."

"Yako naiona, kijana wangu. Yangu haijalia."

"Ni netiwaki tu, mama. Si unaona jina lako hapa?"

Jina lipo kweli, na kiasi pia. Nyuma kuna wateja watatu wanaotaka chinsaga, na hakuna mtu anapenda kuitwa mshuku. Hapo ndipo mkungu unapopanda boda. Sasa piga hesabu: kama mama aliununua kwa 500 ili auze 600, faida yake ni mia. Mkungu mmoja ukienda bure, lazima auze mingine mitano ndipo arudi pale alipokuwa asubuhi. Siku nzima juani, bila hata shilingi ya karo.

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukitazama: ile kodi ya herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa meseji ya M-Pesa. Herufi ya kwanza hufuata mwaka, ya pili hufuata mwezi. Mwaka 2024 ilikuwa S, 2025 ikawa T. Januari ni A, Februari B, hadi Desemba L. Kwa hivyo kodi inayoanza na TJ ni ya Oktoba 2025. Mtu akikuonyesha meseji ya "leo" yenye kodi ya mwaka juzi, mwambie kwa upole kwamba hiyo ilishaliwa. Ila usitegemee kodi peke yake. Anayejua kubadilisha jina na tarehe anaweza kubadilisha herufi pia. Kinachomaliza mjadala ni salio lako, kwenye simu yako, kupitia menyu yako. Hata meseji ikiingia kwako, angalia imetoka wapi: ya kweli hutoka kwa MPESA, si kwa namba ya mtu.

Na akipiga akilia kwamba amekutumia kimakosa, umrudishie haraka, mama yake yuko hospitali? Angalia salio kwanza. Kama pesa imeingia kweli, mwambie apeleke meseji yake kwa 456, mahali pa kuomba pesa irudishwe. Usimtumie kwa mkono wako, maana anaweza kuchukua yako na bado akaomba yake irudishwe.

Turudi kwa yule wa emoji ya miwani. Skrinishoti yake imetangaza jina, kiasi, siku na saa. Kesho mtu atampigia: "Ni wewe ulipokea 23,450 jana saa nne? Kuna hitilafu kwenye akaunti yako." Nani hataamini, na shilingi zimetajwa hadi ya mwisho? Safaricom ikikupigia hutumia 0722 000 000, na hata hapo hakuna wa kuulizwa PIN. Namba ya tapeli ipeleke 333.

Ukishindwa kabisa kujizuia, basi posti mabati. Bonasi yenyewe ikate salio, jina na kodi kabla haijafika kwenye stetasi. Na kijana wa ndizi akisema ni netiwaki, mpe kiti angoje, mkungu ukiwa bado upande wako.