Amesoma Nini, na Amesomaje?

Muulize kijana wa chuo kikuu amesoma nini, atakujibu pasina kusita. Muulize amesomaje, atakukodolea macho. Swali hilo la pili limewashughulisha wataalamu huko Marekani, nami naona latuhusu sana sisi watu wa pwani.

Mnamo mwaka 2002 Kouider Mokhtari na Carla Reichard walitoa kipimo cha maswali 30. Hakimpi mtu kifungu asome. Chamuuliza tu njia azitumiazo asomapo. Je, akili ikitangatanga huirejesha? Maneno yakiwa mazito hupunguza mwendo? Hupiga mstari chini ya lenye maana? Kila jambo hulitia alama, tangu 1, yaani halifanyi kabisa ama ni nadra mno, hadi 5, yaani hulifanya daima ama karibu na daima. Wastani wa 3.5 kwenda juu huhisabiwa mkubwa, 2.4 kushuka chini ni mdogo.

Mwaka huo huo Mokhtari na Ravi Sheorey walikitengeneza upya kwa wanafunzi wa vyuo ambao Kiingereza si lugha yao. Hapo ndipo niliposimama. Miongoni mwa maswali waliyoyatia ni kama msomaji hufasiri kwa lugha ya mama, na kama huliwaza jambo kwa lugha zote mbili. Vijana wetu wangapi wamekemewa kwa hilo, wakaambiwa wafikiri kwa Kiingereza! Kumbe wenzetu wameliandika kuwa ni mbinu.

Kusoma kwa sauti pia kumo, pale maneno yawapo magumu. Sisi tulioanza chuoni (na chuo, kwetu, kwanza ni pale pa alifu na ubao) twaijua kazi ya sauti. Lakini tusijisifu mno. Mtoto aweza kukhitimu juzuu 30, kila harufi katika makharija yake, asijue maana ya aya moja. Tilawa ni ibada, ina thawabu zake. Kufahamu ni kazi nyingine. Kijana akiichukua sauti ile ile akaipeleka kwenye kitabu cha sheria, asijue aitumia kwa nini, atakariri mpaka alfajiri na mtihani umshinde.

Sheorey na Mokhtari walikwisha kuwauliza wanafunzi 302 wa chuo nchini Marekani, wenyeji wa Kiingereza na wageni wake; matokeo yalitoka 2001. Karibu mbinu zote zilijulikana kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwa wasomaji hodari: wawe wenyeji, wawe wageni, ndio waliosema huupima ufahamu wao na kurudi nyuma palipowashinda, kuliko wenzao walio dhaifu.

Walisema, lakini. Katika kipimo hiki mwanafunzi ni shahidi wa nafsi yake, na aweza kutia 5 kwa kuwa ajua ndiyo ipendezayo. Mokhtari na Reichard wenyewe walitahadharisha kuwa hakishiki mahali pa mtihani wa ufahamu. Mwalimu atakaye yakini ampe kijana ukurasa mmoja, akae naye, amwombe aseme kila linalompitia moyoni asomapo.