Unene wa Gasketi

Injini ya bodaboda iliyofunguliwa karibuni utaijua kwa mbali. Kuzunguka kava ya klachi kuna utepe wa silikoni nyekundu au ya kijivu, umetokeza nje pande zote. Wenye pikipiki wengi huupenda utepe huo, kwa kuwa unaonyesha fundi hakubania gundi. Mimi huutazama nikijiuliza: kama iliyotoka nje ni kiasi hiki, iliyoingia ndani ni kiasi gani?

Bolti zikikazwa, gundi iliyozidi hukimbilia pande zote mbili. Ya nje ni uchafu tu. Ya ndani huganda, ikaning'inia kwenye oili ya moto, kisha ikakatika vipande vinavyovutwa hadi kwenye chujio la waya la pampu ya oili. Mbaya zaidi ni ile iliyopakwa chini ya bloku, karibu na kitundu kinachopandisha oili kwenye hedi. Kitundu ni chembamba na tone moja linatosha kukiziba. Kwenye pikipiki ambayo kamshafti yake imekaa juu, kama Bajaj Boxer, huko juu ndiko kunakoanza kuungua. Mteja atarudi kulalamikia kamshafti feki, na silikoni haitatajwa kabisa.

Silikoni ina kazi yake, nitaifikia. Kosa ni kuiona gasketi kama kizibo tu, ukaamini kwamba chochote kinachozuia oili isivuje kinaweza kukaa mahali pake. Unene wa gasketi umo kwenye hesabu za aliyeichora injini.

Chukua Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo pikipiki nyingi za Kichina barabarani kwetu zimeiga injini yake. Kesi ya krenki imegawanyika katikati, kushoto na kulia, na kati ya nusu hizo mbili kuna gasketi ya karatasi. Shafti za giaboksi zinatoka nusu moja hadi nyingine, na uchezaji wao wa ubavuni unategemea unene wa karatasi hiyo. Ukiitupa ukapaka silikoni peke yake, nusu mbili zinasogeleana na shafti zinaweza kubanwa. Ndiyo maana, kesi ikishafungwa na kabla ya kupachika kitu kingine, shafti zizungushwe kwa vidole. Zikigoma, fungua wakati bado ni rahisi.

Gasketi ya chini ya bloku nayo ina mambo yake. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha mm 56.5 na mwendo wa pistoni wa mm 49.5, yaani cc 124. Tuseme kompresheni ni 9 kwa 1: nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni cc 15.5. Sasa fundi, kwa kuogopa uvujaji, anaweka gasketi mbili, na ya ziada ina unene wa nusu milimita. Nafasi inaongezeka kwa takriban cc 1.25 na kompresheni inashuka hadi kama 8.4. Haivuji, kweli, lakini dereva ataanza kusema pikipiki imekuwa nzito mlimani. Kwenye injini ya cheni ya taimingi kuna la ziada: hedi ikiinuka, mnyororo unavuta na valvu zinachelewa kidogo. Kinyume chake, gasketi nyembamba kuliko ilivyotakiwa huisogeza pistoni karibu na valvu, na hilo simtakii mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani pima ile ya zamani kwa venia, pale ambapo bolti hazikuibana sana, kwa sababu palipobanwa pameshasinyaa. Duka likikosa seti kamili, nunua karatasi ya gasketi ya unene huo na ukate mwenyewe. Kadibodi ya kalenda na boksi la viatu tumeviona vikikatwa vizuri sana, mpaka na matundu ya bolti, lakini hunywa oili na kuvimba.

Gasketi ya hedi ifungwe kavu, hasa ile ya chuma ya tabaka kadhaa. Gundi haiwezi kustahimili moto wa mlipuko. Ya shaba nyekundu inaweza kurudishwa kazini ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu kisha ukaipoza, maana shaba iliyokandamizwa hukakamaa na moto huilainisha.

Silikoni ni ya mahali ambapo kiwanda hakikuweka gasketi, na pale pembeni panapokutana vipande viwili, kama mpira wa waya za magneti unapopita kwenye kesi. Utepe mwembamba unatosha. Huganda kwa unyevu wa hewani, hivyo anayemimina oili na kuwasha baada ya nusu saa ameiosha kabla haijashika. Iache mpaka kesho. Ile inayonuka siki ni ya vioo vya madirisha, na asidi yake hula chuma. Kwenye kabureta usipake silikoni hata kidogo, petroli huivimbisha. Kwa nyuso za chuma zilizochongwa sawasawa bila gasketi kuna gundi nyingine, inayoganda pale tu inapokosa hewa kati ya chuma na chuma. Ni ghali zaidi, ila naipenda kwa sababu iliyomwagikia ndani haigandi, inachukuliwa na oili.

Kukwangua gasketi kuukuu kwa bisibisi ndiko kunakoleta nusu ya uvujaji. Aluminiamu ni laini na kila mkwaruzo unakuwa mfereji. Wembe uliolazwa na subira vinatosha. Gasketi za kale ziloweshwe kwanza, wala zisipulizwe kwa kompresa, kwani baadhi zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Kisha laza hedi juu ya kioo kinene: fila geji ya mm 0.05 ikipita chini, hedi imepinda, na gasketi mpya haitakusaidia mpaka hedi isawazishwe kwa msasa juu ya kioo hichohicho.

Bolti zikazwe kwa kukingamana, kwa awamu. Zile ndogo za kava, za M6, zinahitaji kama Nm 10 tu. Washa za shaba za juu ya hedi zirudi kwenye studi zilezile, kwa kuwa kwenye injini nyingine oili hupanda kandokando ya studi mojawapo.

Na kama kila kitu kimefuatwa na bado kava inalowa baada ya wiki, chomoa mpira wa kupumulia wa injini kabla ya kununua gasketi nyingine. Ukiwa umezibwa na tope au umepindwa chini ya tanki, shinikizo la ndani litasukuma oili kwenye kiungo chochote. Ukiwa wazi na unatoa moshi mzito kwa msukumo injini ikiunguruma, ringi za pistoni zimekwisha.